Gemu Lililokula Sauti ya Bibi

Ndugu zangu Yusufu na Marko,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mnaujua tangu darasa la tatu, kwamba herufi zangu hulala upande mmoja kama mtama uliopigwa na mvua, na tangu tumalize la saba sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu kwenye daftari la kwaya. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kwa sauti, huenda likaeleweka. Barua hii nimeiandika kwa siku tisa, kidogo kidogo, kila nikitoka shambani.

Mmeniuliza swali moja wote wawili, Yusufu kutoka Arusha na Marko kutoka Dodoma: ni kweli Yona ameila sauti ya bibi yake? Naona habari zinasafiri haraka kuliko mimi. Jibu ni kwamba sikuila mimi. Lililoila ni gemu la Yusufu. Kazi yangu ilikuwa kulilisha.

Kabla ya kuondoka Misigiri

Baba yangu mdogo Lazaro mnamkumbuka, yule anayetengeneza reli Itigi. Alikuwa hajakanyaga kwetu kwa miaka sita. Babu alipofariki alipelekewa habari, akapanda treni, treni ikachelewa, na alipofika alikuta tumezika jana yake. Alisimama mbele ya kaburi akamwambia baba, "Kaka, hukuweza kuningoja hata siku moja?" Baba hakujibu kitu. Baba mdogo akaondoka siku ile ile bila kunywa hata maji. Tangu hapo kila barua ambayo baba alimwandikia ilirudi haijafunguliwa.

Basi baada ya mavuno bibi akaniita. Miguu yake imevimba, safari haziwezi tena. Akaniambia nikaazime kinasa sauti cha mwalimu wa kwaya, kile cheusi kidogo anachonasia nyimbo zetu. Tukaingia chumbani kwake, mimi nikabonyeza, yeye akaongea kwa Kinyiramba. Alichosema nitakieleza mbele, pale kilipotakiwa kusemwa. Kwa sasa jueni tu kwamba yalikuwa maneno aliyoyaficha kwa miaka yote sita, na kwamba baba mdogo asingeyasikia, yeye na baba wasingesalimiana tena mpaka mmoja wao azikwe.

Nilimuuliza bibi kwa nini nisiende kumwambia tu kwa mdomo. Niliuliza kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa naomba asikubali.

"Wewe ni mtoto wa kaka yake," alisema. "Ukisema wewe, atasema umefundishwa na baba yako. Lazima asikie koo langu mimi."

Baba akatafuta betri nne mpya, zile ndogo za ukubwa wa kidole. Siku hizi za ruksa maduka yamejaa kila kitu, sabuni za rangi tatu, miwani ya jua, lakini betri ndogo bado ni za kubahatisha. Alizifunga kwenye nailoni, akaniagiza nisizitie kwenye kinasa sauti mpaka nifike mlangoni kwa baba mdogo, maana zikikaa ndani huvuja. Agizo hilo nililitii kabisa. Kwenye kinasa sauti sikuzitia.

Hapo ndipo wewe Yusufu ulipoingia. Ulikuwa umekuja likizo na lile gemu lako la mkononi, na jioni ya mwisho ukaniazima. Ulisema, "Ukikaa na watu usiowajua, inamia hili. Hakuna atakayekusemesha." Ulinijua vizuri. Ila hukuniambia kwamba ni lafi.

Misigiri mpaka Singida mjini

Nilipata lori la vitunguu. Juu ya magunia tulikuwa mimi, vijana wawili waliolala kabla hata hatujaondoka, na mama mmoja mwenye matenga mawili ya kuku anaowapeleka sokoni. Huyo mama hakuwa na usingizi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Itigi."

"Itigi kuna nini?"

Nikatoa gemu.

Marko hajaliona, kwa hiyo nieleze. Kuna kioo kidogo kama cha saa, matofali yanaanguka kutoka juu, na wewe unayageuza ili yajipange yasiache tundu. Kuna taa nyekundu ndogo pembeni kuonyesha kwamba liko hai. Sisi nyumbani tunafyatua matofali kila kiangazi, nikajua hapa nitakuwa bingwa. Ukuta wangu wa kwanza uliisha kabla lori halijabadilisha gia. Nikajenga mwingine. Kila ukuta ulipoanguka gemu lililia pii pii, na kuku kwenye tenga wakaitikia.

"Hicho kidude kinalia kama kifaranga aliyekanyagwa," alisema yule mama. "Kizime, kuku wangu wanafikiri wana mtoto."

Sikujua pa kupunguzia sauti. Nilikifunika kwa mkono nikaendelea.

Katikati ya njia gurudumu likapasuka, na la akiba likakutwa limepasuka siku nyingi. Tulikaa pale saa tatu. Mama alitugawia viazi vya kuchemsha, na kwa heshima ya chakula nikabonyeza kile kitufe cha kusimamisha. Matofali yakasimama angani. Nikaliweka gemu mfukoni, nikiamini limezimika. Kwangu lilikuwa kama ng'ombe uliowaambia wasimame kwenye mtaro: hawavuti, basi wanapumzika. Taa nyekundu ilibaki inawaka, nikasema ni sawa, hata ng'ombe husinzia jicho wazi.

Tulipoingia Singida matofali yalikuwa hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa kidole. Kabla ya kushuka, taa ikafa.

Mwankoko, kwa shangazi

Nililala kwa shangazi, Mwankoko. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu zote kwa neno "nzuri". Kisha nikaenda kukaa kona ya uani, nikainamia gemu, nalitikisa, nalipulizia, nalibonyeza.

Nadhani nilikaa hivyo muda mrefu. Nilipoinua kichwa, walikuwepo wanawake watatu wa jirani wamevaa khanga za mabega, wamenisimamia. Mmoja akanishika bega.

"Pole sana, mwanangu. Ni kazi ya Mungu."

Shangazi alikuwa nyuma yao anafuta macho. "Hataki kuniambia ni nani amefariki," alisema. "Tangu amefika ameinama tu."

Ningesema ukweli wakati ule, mambo yangeishia kwa kicheko. Lakini walikuwa wanne na mimi mmoja, na wote wananitazama mdomoni. Nikasema, "Asante." Basi wakakaa. Mmoja alileta mayai ya kuchemsha. Niliyala huku nimeinamisha uso, na kwa kweli kufikia yai la pili nilikuwa nimeanza kuhuzunika. Shangazi nilimweleza asubuhi, baada ya wao kuondoka, nikala makofi mawili ya mgongoni ambayo nilistahili.

Lakini kabla ya makofi nilikuwa nimeshafungua nailoni.

Sikilizeni kwanza, mtacheka baadaye. Sisi wote tumelima kwa plau. Ng'ombe akichoka humfungi nira na mchovu mwenzake. Unamfunga na mwenye nguvu, yule mwenye nguvu anavuta, mchovu anajikokota pembeni, na shamba linaisha. Gemu linatumia betri mbili. Nikachukua moja mpya, nikaifunga nira na moja ya zamani. Taa nyekundu ikawaka, matofali yakarudi meusi kama lami. Nikajiona mtaalamu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kila betri mpya itafanya kazi kidogo tu, kisha irudi kwenye nailoni kupumzika, iingie nyingine. Kufika Itigi zote nne zitakuwa hazijatoka hata jasho.

Njia panda ya kwenda Mungaa

Kesho yake nilipanda basi la Manyoni. Lilikwenda vizuri mpaka baada ya Ikungi, pale panapogeuka njia ya Mungaa, mkanda wa injini ukakatika. Utingo akapanda baiskeli ya mtu kwenda kutafuta mkanda mwingine, na abiria tukatawanyika kando ya barabara.

Karibu yangu alikaa mzee mmoja mfugaji wa Mungaa, na fimbo yake na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unafanya nini na hicho?"

"Najenga, babu."

"Mbona kinabomoka?"

Akanyoosha mkono. Hakunipokonya, ila mkono ulikaa pale mpaka nikampa. Nikamwonyesha vitufe. Ndugu zangu, yule mzee ambaye maisha yake yote amekaa nyuma ya ng'ombe alijenga ukuta mmoja robo saa nzima bila kuanguka. Abiria wakamzunguka. Kila tofali refu lilipotokea walipiga kelele kama wako mpirani. Aliponirudishia, namba yake kwenye kioo ilikuwa mara nne ya yangu ya juu kabisa.

"Hakina haraka hiki," alisema. "Wewe ndiye una haraka. Kunywa maziwa."

Taa ilikuwa imeanza kufifia, nikabadilisha betri mbele yake na kumweleza habari yangu ya nira. Alisikiliza kwa makini sana.

"Ni sawa kabisa," alisema. "Hata mimi ndivyo ninavyofanya. Mchovu na mwenye nguvu."

"Kwenye redio yako, babu?"

"Kwenye ng'ombe. Redio sina."

Lakini ilikuwa imeshatosha. Nilikuwa nimepata mtu mzima wa kuniunga mkono. Tukacheza zamu kwa zamu mpaka utingo aliporudi na mkanda, na kila betri iliyotolewa mzee aliipasha joto kwapani mwake kabla ya kuirudisha kwenye nailoni. Tukaagana vizuri. Kwa namba tulizofikisha siku ile, yule mzee wa Mungaa ndiye bingwa wa gemu lako, Yusufu, na hata jina lake sikumuuliza.

Manyoni, stesheni

Nililala stesheni, maana treni ya Itigi ilitakiwa kuja asubuhi. Tuliambiwa imechelewa, kisha tukaambiwa imechelewa zaidi, kisha yule aliyekuwa anatuambia akaenda kunywa chai. Nikakaa kwenye benchi na gemu langu. Taa iliwaka, ikafumba. Nikabadilisha nira. Ikawaka, ikafumba. Nikamwaga nailoni yote mapajani.

Betri sita, zote za rangi moja. Sikujua tena mpya ni zipi na za Yusufu ni zipi. Nilijaribu kila jozi iliyowezekana. Kila jozi ilifungua jicho jekundu ikanitazama, ikalifumba.

Pale ndipo nilipoelewa, na nilielewa polepole kama ninavyoandika. Ng'ombe anayepumzika anakula majani. Anakunywa maji, analala, kesho anaamka na nguvu. Betri zangu zilikuwa zimepumzika ndani ya nailoni ambamo hamna hata jani moja. Na zile zilizofungwa nira na mchovu hazikuwa zimemvuta. Mchovu ndiye aliyezivuta kwake.

Nikamwona bibi kitandani kwake, miguu juu ya mto, anahesabu siku.

Kuna maduka nje ya stesheni. Nilipita mbele ya la kwanza bila kuingia kwa sababu kulikuwa na watu. Nikapita tena, watu wamepungua, nikakosa neno la kuanzia. Mara ya tatu mwenye duka, mama mnene mwenye kalamu sikioni, akaniita.

"We kijana! Unapita mara ya tatu. Unataka kuniibia au kunichumbia?"

Kila mtu akageuka. Nikaonyesha betri.

"Ah, ndogo hizo hazipo. Tunazo kubwa za tochi. Ndogo labda Dodoma."

Dodoma ni upande mwingine kabisa, Marko unajua. Na wakati ule ule treni ikapiga honi, sasa kwa kuwa sikuitaka. Nikakimbia.

Itigi

Nilishuka Itigi saa sita na nusu mchana. Maduka mawili ya jirani na stesheni nayo hayakuwa na betri ndogo, na hapo niliingia bila kupita hata mara moja, mjue hali niliyokuwa nayo. Nikaulizia nyumba za watu wa reli.

Mlangoni nilimkuta mke wa baba mdogo, Mama Neema, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Misigiri. Ni Yona, mtoto wa kaka yake baba mdogo."

Alinitazama muda mrefu kidogo. "Ingia upesi," alisema kwa sauti ya chini. "Saa nane anaondoka na kiberenge kwenda kazini huko mbele ya reli. Akiondoka ni wiki tatu."

Baba mdogo alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba. Amefanana na baba mpaka nikaogopa. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Nani kakutuma?"

"Bibi."

"Bibi yako hajui kuandika."

"Ndiyo maana ametuma sauti, baba mdogo."

Hiyo ilikuwa sentensi yangu ngumu kuliko zote tangu nitoke nyumbani. Mikono yake ikasimama kwenye kamba. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikachagua betri nne kati ya sita kwa kubahatisha, nikabonyeza.

Kaseti ikazunguka, lakini kama punda anayepandishwa mlima. Ikatoka sauti nzito, ya taratibu, ya mtu mzima wa kiume aliyetumbukia kisimani. Laaa, zaaa, rooo.

Baba mdogo akaruka. "Huyo ni kaka!"

"Hapana, baba mdogo, ni bibi."

"Sauti ya kaka yangu nisiijue mimi? Umetoka Misigiri kuniletea kaka, unaniambia ni mama?"

"Ni bibi kweli. Ni betri tu."

"Betri zimemfanya mama yangu mwanamume?"

Mama Neema akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilitoa gemu mfukoni nikaliweka mezani kando ya kinasa sauti, kama mtu anayesalimisha silaha. Nikasema zilikuwa mpya, na kwamba nimezichezea njiani. Nikaeleza na habari ya nira. Sijui kwa nini nilieleza habari ya nira.

Baba mdogo alilitazama gemu, akanitazama mimi. "Umebeba sauti ya mama yangu safari nzima," alisema polepole, "ukaichezea?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Ni Mama Neema aliyeniokoa. "Ziume," alisema. "Ziume kwa meno halafu uzianike juu ya bati. Sisi redio yetu ya betri kubwa huwa tunaiponya hivyo."

Nilizing'ata zote sita, moja moja, hadi taya zikauma. Nikazipanga juu ya bati la banda la kuku, jua la Itigi likiwaka, nikazisimamia kama mtu anayelinda dagaa wasiliwe na paka. Ndani nilisikia baba mdogo akimalizia kufunga godoro. Upande wa stesheni kiberenge kikapiga honi ya kwanza.

Nilizirudisha zikiwa za moto mpaka zinachoma vidole. Nikabonyeza.

Safari hii alikuwa bibi. Sauti nyembamba, ya mbali, lakini yeye mwenyewe. Alikohoa kwanza. Kisha akamwita baba mdogo kwa lile jina lake la utotoni, ambalo siliandiki hapa kwa sababu ni lake. Baba mdogo akakaa juu ya godoro. Bibi akasema, "Ni mimi mama yako. Nisikilize mpaka mwisho. Kaka yako..."

Kaka yako ikavutika, ikazama kisimani, kaseti ikasimama.

Nilibonyeza. Nikatikisa. Nikageuza betri. Kiberenge kikapiga honi ya pili.

"Kaka yangu nini?" aliuliza baba mdogo.

Nikabonyeza tena.

"Kaka yangu nini, Yona?"

Ndiyo mara ya kwanza aliponitaja jina. Nikaona kwamba hakuna mwingine chumbani mwenye maneno yale isipokuwa mimi, niliyeshika kitufe wakati yanasemwa. Nikatazama sakafu, nikayasema kwa Kinyiramba kama bibi alivyoyasema. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Kaka yako alitaka kungoja. Alikaa barabarani siku mbili akitazama kila gari. Mimi ndiye niliyesema tuzike. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa siwezi tena kumtazama baba yako amelala pale. Ulipokuja ukamtukana kaka yako, nikanyamaza, niliogopa utaniacha mimi. Yeye akanyamaza kwa ajili yangu, na mpaka leo hajasema. Blanketi la baba yako ninalo, sijampa mtu. Njoo ulichukue, na kama ni kutukana, unitukane mimi."

Katikati, pale bibi alipokohoa, na mimi nilikohoa. Sikuwa namwigiza. Maneno yalikuwa yamekaa kichwani pamoja na kikohozi chake, na sikujua namna ya kukiruka.

Nilingoja baba mdogo aseme nimefundishwa.

"Siku mbili barabarani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Pale njia panda ya Kiomboi. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji."

"Kwa nini hakusema?"

"Sijui, baba mdogo. Kwetu hatusemi sana."

Honi ya tatu. Alisimama, akabeba godoro begani, akafika mlangoni. "Mpe mtoto chakula," alimwambia mkewe, akaondoka. Kofia aliisahau, Mama Neema akamkimbilia nayo.

Basi nilikula. Wali na maharage, na kipande cha sega la asali kwenye kisahani. Nililia kidogo kwenye maharage, Mama Neema akajifanya anatafuta chumvi.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na la kueleza. Sikuwa na kitu cha kuinamia, nikalazimika kuzungumza na watu, na nimegundua wengi wao wanachotaka ni kuulizwa tu wanakwenda wapi.

Bibi aliniuliza, "Alisikia?"

"Alisikia."

"Sauti yangu?"

"Alisikia yote, bibi." Nikampa chupa ya asali kutoka kwa Mama Neema, nikatoka nje. Ndugu zangu, siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko njia yote. Kila gari liliposimama njia panda, bibi aliuliza ni nani ameshuka. Baba naye alikuwa anapata sababu za kwenda barabarani, mara kununua msumari mmoja, mara kuangalia mvua.

Wiki ya nne, Jumamosi, baba alirudi kutoka barabarani na godoro la mtu begani. Nyuma yake alikuwa baba mdogo Lazaro na kofia yake. Sijui walisemezana nini njiani. Macho yao yalikuwa mekundu wote wawili na mimi sikuuliza.

Aliingia chumbani kwa bibi, wakakaa huko wao wawili kwa muda. Alipotoka alikuwa amejifunika blanketi la babu mchana wa jua kali. Akatoa mfukoni pakiti, betri ndogo nne, mpya.

"Yona, lete kile kinasa sauti. Nataka kusikia mpaka mwisho."

"Ya nini?" bibi alisema. "Si nipo hapa?"

"Nataka kujua huyu aliniongezea nini."

Nikakiazima tena. Tukakaa wote chumbani, nikabonyeza, bibi akaongea kwa sauti yake yote. Kaka yako alitaka kungoja. Baba alitazama dirishani. Baba mdogo alikuwa anafuatisha maneno kwa midomo, na kikohozi kilipokuja alinyoosha kidole kwangu. Blanketi. Unitukane mimi. Nikasogeza mkono kuzima.

"Acha," alisema baba mdogo. "Bado inazunguka."

Na kweli ilikuwa inazunguka. Siku ile ya kunasa, bibi aliniuliza kama nimezima, nikasema ndiyo, nikatoka nje kutafuta mfuko. Kumbe sikuwa nimezima. Kwenye kaseti mlango ukafungwa, kuku akalia, kisha bibi akasema peke yake, taratibu:

"Mungu wangu, mashine hii isifie njiani. Ikifia njiani tumekwisha. Huyu mtoto hata salamu huitikia kwa kichwa."

Bibi alijifunika uso kwa khanga. Baba ndiye aliyeanza, kicheko kimoja cha puani, kisha baba mdogo akamwegemea, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega wasianguke kitandani kwa mama yao. Walinicheka muda mrefu sana. Sikumbuki siku nyingine niliyopenda kuchekwa.

Yusufu, gemu lako lipo salama. Liko tupu, maana betri zile nne baba mdogo amesema ni za bibi, na zile sita zenye meno yangu nimezifukia. Namba ya yule mzee wa Mungaa ilifutika zilipotoka, nami nimesikitika kuliko nilivyotegemea.

Sasa na ninyi niandikieni. Marko, uniambie kama Dodoma betri ndogo kweli zipo. Yusufu, useme kama umekasirika. Msijali urefu wala mwandiko, na msiandike mambo ya siri, kwa sababu bibi ameshatangaza kwamba barua yoyote ikifika hapa nitaisoma mimi, kwa sauti, mbele ya watu.

Ndimi mwenzenu,
Yona